"Inua Miguu!": Tuuelewe unyayo unaoning'inia na vifaa vya kuusaidia

Wanachuo wenzangu, hasa nyie wa elimu mnaojiandaa kwenda TP, nianze kwa kukiri kosa.

Mwaka jana nilipangiwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari ya kata. Wiki ya pili nikawekwa zamu pamoja na mwalimu mwenyeji. Mnajua zamu ilivyo. Unasimama getini kabla ya saa moja asubuhi, umeshika daftari la wachelewaji, unajisikia mwalimu kamili hata kama bumu limeisha na unaishi kwa mihogo. Kulikuwa na kijana wa kidato cha kwanza ambaye kila siku alikuwa wa mwisho kuingia. Mguu wa kulia anauburuta, kiatu kinakwangua changarawe, na ukimwambia akimbie anapandisha goti juu kama mtu anayevuka dimbwi. Mimi nikadhani ni mbwembwe za vijana, ule mwendo wa kujidai. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Inua miguu, bwana! Umeshachoka asubuhi yote hii?" Wenzake wakacheka. Nikampa adhabu ya kuokota karatasi uwanjani.

Hakusema kitu. Aliokota karatasi zote.

Siku mbili baadaye mama yake akaja shuleni. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu na kufungua mkoba wa salfeti. Akatoa kitu cha plastiki nyeupe chenye umbo la nyuma ya mguu, kama buti lililokatwa nusu kwa urefu, na mkanda wa kunata juu yake.

"Mwalimu," akasema, "mwanangu anainulia mguu na hiki. Ila hapa shuleni tuliambiwa hakiruhusiwi."

Makala hii imetokana na kile kitu cha plastiki. Nilirudi chuoni nikaanza kusoma na kuuliza, na nimeona tukae chini tuelezane, maana kesho na keshokutwa sisi ndio tutakuwa tumesimama kwenye mageti hayo.

Kwanza: mguu unainuliwaje?

Hebu fanya jaribio hapo ulipo. Kaa kwenye kiti, nyayo zote sakafuni. Sasa inua vidole na sehemu ya mbele ya mguu, kisigino kikibaki chini. Ukiishika muundi wako, yaani mbele ya mguu chini ya goti, pembeni kidogo ya mfupa utasikia msuli unakaza. Huo ndio unaofanya kazi kila unapopiga hatua. Mguu ukiwa hewani unasogea mbele, msuli ule unauvuta unyayo juu ili vidole visigonge ardhi. Nafasi kati ya vidole na ardhi mtu anapotembea kawaida ni ndogo mno, kama sentimita 1 hadi 2 tu. Ndiyo maana hata wewe mzima unajikwaa kwenye jiwe dogo.

Msuli huo ukishindwa kufanya kazi, unyayo unaning'inia. Mtu ana njia mbili: auburute, au apandishe goti juu sana ili vidole vipite. Akishusha mguu, badala ya kisigino kutua kwanza, unyayo wote unapiga chini, pa! Njia zote mbili zinachosha, na zote zinaangusha. Ukitaka kumtambua mtu mwenye tatizo hili bila kumuuliza, angalia kiatu chake. Kimoja kitakuwa kimechakaa mbele, kwenye vidole, na kingine kiko sawa. Kiatu cha yule kijana kilikuwa kimetoboka mbele, na mimi nilikuwa nakiangalia kila asubuhi.

Na kumwambia mtu huyo "inua mguu" ni sawa na kumwambia mtu asiyeona vizuri "soma ubao". Anataka. Amri inatoka, haifiki.

Pili: waya umekatikia wapi?

Hapa ndipo penye ufunguo wa mambo yote ya vifaa, kwa hiyo tusiparuke.

Fikiria umeme wa nyumbani. Kuna mtambo unakozalishwa, kuna nyaya kubwa zinazosafirisha, kuna waya unaoingia nyumbani, kisha kuna balbu. Mwilini, mtambo ni ubongo, nyaya kubwa ni uti wa mgongo, waya wa nyumbani ni neva inayoshuka mguuni, na balbu ni ule msuli wa muundi. Balbu ikizimika, tatizo linaweza kuwa popote kwenye njia hiyo.

Kundi la kwanza ni la watu ambao hitilafu iko juu, kwenye ubongo au uti wa mgongo. Kiharusi ndicho kisababishi kinachojulikana zaidi. Mzee amepata kiharusi, upande mmoja umelegea, baada ya miezi anaanza kutembea lakini unyayo unaning'inia, na mara nyingi unakakamaa na kupinda kwa ndani. Wapo pia wenye majeraha ya kichwa na watoto wenye mtindio wa ubongo. Kwa hawa wote neva ya mguuni yenyewe ni nzima, ila amri haifiki.

Kundi la pili ni la wale ambao neva yenyewe imeumia. Neva inayoinua unyayo inapita sehemu ya hatari sana: inazunguka mfupa mdogo wa mguu, pembeni mwa goti kwa nje, karibu kabisa na ngozi. Jiguse hapo, utasikia kifundo cha mfupa. Gonga hapo kwenye ajali ya bodaboda, funga hogo linalobana hapo, au chuchumaa masaa mengi shambani, na neva inaweza kuumia. Ukoma nao hupenda kuishambulia neva hiyo hiyo.

Halafu kuna sindano ya takoni. Neva kubwa inayoshuka mguuni inapita ndani ya tako, na nyuzi zinazokwenda kwenye msuli wa muundi ndizo zinazoumia kirahisi zaidi sindano ikipigwa mahali pasipo sahihi, hasa kwa mtoto ambaye tako lake lina nyama kidogo. Ndiyo sababu watoto wadogo wanatakiwa kuchomwa pajani, mbele kwa pembeni. Madhara haya yameandikwa kwa miaka mingi katika nchi za Afrika, hasa kipindi ambacho kwinini ilikuwa inachomwa takoni kutibu malaria. Mama wa yule kijana alinisimulia hivyo hivyo: mtoto alikuwa na homa kali, akachomwa takoni, kesho yake mguu ukalegea. Homa ikaondoka, mguu ukabaki.

Shikilia tofauti ya makundi haya mawili. Tutaihitaji tukifika kwenye umeme.

Kifaa cha plastiki: cha kawaida kuliko vyote

Kile alichokitoa mama kwenye mkoba ndicho kifaa kinachotumika zaidi duniani kwa tatizo hili. Ni kipande kimoja cha plastiki aina ya polipropilini, unene wa milimita chache tu. Kinapita chini ya unyayo, kinapanda nyuma ya kisigino hadi chini kidogo ya goti, kinafungwa kwa mkanda mbele. Ukiinua mguu, plastiki inauzuia unyayo usidondoke. Ukiukanyaga, inapinda kidogo, halafu inarudi kama rula uliyoikunja ukaiachia.

Kinatengenezwaje? Fundi anaufunga mguu kwa bandeji yenye plasta ya jasi mpaka ikauke, anaivua, anapata umbo lenye uwazi. Anamimina jasi humo, anapata mfano kamili wa mguu. Anausawazisha kwa tupa, akiongeza jasi pale ambapo mfupa utasuguliwa. Kisha karatasi ya plastiki inawekwa kwenye tanuri mpaka inalegea, inafunikwa juu ya mfano ule, na hewa inafyonzwa ili ishike kila kona. Ikipoa inakatwa, inalainishwa kingo, inawekwa mkanda. Kazi yote ni ya vipimo. Fundi akikata plastiki nyembamba pale kwenye kifundo, kifaa kinakuwa laini, kinamfaa mtu ambaye unyayo umelegea tu. Akiiacha pana, kinakuwa kigumu, kinamfaa yule wa kiharusi ambaye mguu unakakamaa na kupinda.

Kwa hiyo usiazime cha jirani. Vinafanana kwa macho, lakini kila kimoja kimekatwa kwa mguu wa mtu mmoja na kwa shida yake.

Kazi hii ina wataalamu wake hapa nchini. Pale Moshi, KCMC, kuna TATCOT, chuo kilichoanza mwaka 1981, na kimefundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Dar es Salaam zipo karakana MOI na CCBRT. Wengi wetu tumepita nje ya majengo hayo bila kujua ndani kuna tanuri la plastiki.

Kifaa hiki kina kazi nyingine ambayo watu hawaijui. Neva iliyoumia, kama haikukatika kabisa, inaweza kuota upya, ila polepole mno: kama milimita 1 kwa siku. Piga hesabu kutoka takoni hadi chini ya goti la mtu mzima, utapata zaidi ya mwaka. Kipindi chote hicho unyayo ukiachwa unaning'inia, kano la kisigino linajikunja na kukaza. Siku neva inapona, inakuta unyayo umeshakakamaa ukiangalia chini na hauinuki tena. Kifaa, pamoja na mazoezi ya kunyoosha, kinauweka mguu tayari kuisubiri neva.

Mikanda ya kuvuta

Kuna aina nyepesi zaidi. Unavaa mkanda laini juu ya kifundo cha mguu, na mpira unaovutika unashuka kushika kiatu kwenye kamba. Mpira unafanya kazi ya ule msuli. Kwenye huduma za wagonjwa wa ukoma, mbinu hii imetumika kwa namna rahisi kabisa: mkanda chini ya goti na ukanda wa mpira hadi mbele ya kiatu. Fundi viatu akionyeshwa anaweza kuushona.

Faida yake ni wepesi na bei, na joto linapungua. Ubaya wake ni kwamba haufai mguu unaokakamaa, kwa sababu mpira hauna nguvu za kushindana nao, na bila kiatu cha kamba hauna pa kushika. Mtu wa ndala na kandambili hausaidii kitu.

Vifaa vya umeme

Sasa tufike kwenye vile vinavyotuvutia vijana. Mwaka 1961 huko Marekani, daktari Wladimir Liberson na wenzake walichapisha kazi yao juu ya kifaa cha umeme kwa watu waliopata kiharusi. Wazo lenyewe ni jepesi. Swichi iko chini ya kisigino kwenye kiatu. Kisigino kikinyanyuka, swichi inawasha umeme mdogo unaopita kwenye ngozi hadi ile neva pembeni mwa goti. Msuli wa muundi unakaza, unyayo unainuka. Kisigino kikitua, umeme unazima. Kila hatua, hivyo hivyo.

Vya leo vimekuwa vidogo, vinafungwa chini ya goti kama saa kubwa, na vingine havina swichi ya kisiginoni, vinapima mwinamo wa mguu vyenyewe. Uingereza, Hospitali ya Salisbury imekuwa ikivitumia kwa miongo kadhaa. Siku hizi kuna hata mavazi yenye mota ndogo na nyaya za kuvuta unyayo. Moja liliruhusiwa Marekani mwaka 2019 kutumika kwenye mazoezi tiba ya waliopata kiharusi.

Lakini kumbuka mfano wetu wa umeme wa nyumbani. Kifaa hiki ni jenereta unayoichomeka kwenye waya wa nyumba. Mtambo ukizima, waya ukiwa mzima, balbu itawaka. Waya wenyewe ukiwa umekatika, hata ulete jenereta la bei gani, balbu haiwaki. Kwa hiyo vifaa hivi ni vya kundi la kwanza: kiharusi, majeraha ya ubongo, uti wa mgongo. Kwa mtu ambaye neva ya mguuni imekufa kwa sindano, ajali au ukoma, utamtekenya tu ngozi. Na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hapaswi kukitumia kabla daktari wake hajaruhusu.

Ninasisitiza hili kwa sababu nimeona video zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu anatembea vizuri na kifaa cha umeme, na chini ndugu wanapanga mchango. Vifaa hivyo vinauzwa dola elfu kadhaa za Kimarekani. Familia inaweza kuuza shamba, ikanunua kitu ambacho kwa ndugu yao hakiwezi kufanya kazi hata siku moja. Swali la kwanza kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia liwe hili: hitilafu iko juu, au iko mguuni?

Na hata kwa wa kiharusi, plastiki si kitu cha kudharau. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2013 uliwagawa watu 197 waliopata kiharusi, wengine wakapewa kifaa cha umeme, wengine cha kawaida cha kuvaa mguuni. Baada ya wiki 30 makundi yote mawili yalikuwa yanatembea kwa kasi zaidi, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Waliotumia umeme waliridhika zaidi na kifaa chao, hilo ni kweli. Lakini hatua ziliongezeka kotekote.

Kifaa kinashindwa wapi?

Nilichojifunza ni kwamba mara nyingi plastiki yenyewe haina kosa. Kinachokwamisha ni vitu vidogo vya pembeni.

Kiatu. Mguu wenye kifaa unahitaji kiatu kikubwa zaidi, mara nyingi chenye kufunguka sana mbele na soli ya ndani inayotoka. Kiatu cheusi cha ngozi cha shule, chembamba, hakiingii. Mama alishanunua raba za mtumba zilizokuwa zinatosha, mwalimu wa nidhamu akazikataa kwa sababu sare inasema viatu vyeusi vya ngozi. Kijana akaambiwa achague, akaacha kifaa nyumbani.

Ukuaji. Mtoto anakua, kifaa hakikui. Kinahitaji kuangaliwa kila baada ya miezi michache na pengine kubadilishwa kila mwaka. Cha yule kijana kilitengenezwa akiwa darasa la sita. Siku ile kwenye benchi tulimjaribisha, vidole vilikuwa vimepita ukingo wa plastiki na juu kilikuwa kinaishia katikati ya ndama.

Ngozi. Neva iliyoumia mara nyingi imepoteza hisia pia. Kifaa kikisugua, mtu hasikii, anakuja kushtuka kuna kidonda. Kwa mwenye ukoma au kisukari kidonda kama hicho kinaweza kugharimu mguu. Dawa yake ni soksi safi isiyo na mikunjo na kuuangalia mguu kila jioni. Wekundu usioondoka baada ya nusu saa ni ishara ya kumrudia fundi. Na ukingo wa juu ukibana pembeni mwa goti, unakandamiza neva ile ile tunayojaribu kuisaidia.

Nauli. Karakana ziko mjini. Kwenda kupimwa, kurudi kujaribisha, kurudi tena kurekebishwa, hiyo ni safari tatu za watu wawili.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele, na vifaa vya kuvaa mguuni vya aina hii vimo, pamoja na miwani na viti vya magurudumu. Nasi tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Orodha na sheria ni vitu vizuri. Ila getini asubuhi anayesimama ni mwalimu wa zamu.

Sasa sisi tufanyeje?

Mwanafunzi anayeburuta mguu, anayejikwaa hovyo au anayechakaza kiatu kimoja mbele, muulize pembeni, kwa staha, wenzake wasisikie. Zungumza na mzazi. Kama hajawahi kuonwa, aende hospitali, na akitumwa karakana aende mapema kabla mguu haujakakamaa. Kama anacho kifaa, mwombe mkuu wa shule ruhusa ya kiatu kinachokiingiza. Mpe nafasi ya kukaa karibu na mlango, na dakika za ziada kati ya vipindi. Michezo asikatazwe; muulize yeye anaweza nini. Haya yote hayahitaji bajeti.

Mimi nilimwendea mkuu wa shule na yule mama. Nikaeleza, nikakiri na adhabu niliyotoa. Mkuu alitusikiliza, akakubali raba, mradi ziwe nyeusi. Jumamosi nikaenda mnadani nikapata jozi nyeusi, namba moja zaidi, za kamba. Mama akasema safari ya karakana itabidi isubiri mavuno.

Siku ya mwisho ya TP nilimwita yule kijana nikamwomba radhi. Aliangalia chini, akacheka kidogo, akasema, "Haina shida mwalimu." Halafu akaniuliza kama kifaa kipya kitatengenezwa cheusi, kisionekane kwenye soksi.

Nilimwambia fundi anaweza, amuulize. Plastiki za rangi zipo. Nikirudi kumtembelea likizo hii nitaangalia kwanza kiatu.